Tiba shufaa haina maana ya kusubiri kifo, na kadi ya bima haina maana ya kuhudumiwa

Mgonjwa wa saratani akiandikiwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso, mazungumzo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hubadilika siku hiyo hiyo. Waliokuwa wakichangishana nauli ya Dar es Salaam wanaanza kuulizana kama si heri mama arudishwe kijijini akapumzike. Daktari hakusema mama anakufa. Lakini shangazi ameshasikia hivyo, mjomba ameshasikia hivyo, na kuanzia hapo mtu ambaye pengine ana miaka kadhaa mbele yake anatazamwa kama marehemu aliyechelewa.

Mkanganyiko wa pili ni wa zama hizi za bima. Tangu Tanzania ipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya iiweke SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, mahali pa mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, tunaongea kana kwamba kadi ikishaingia mfukoni huduma imemfikia mtu. Kwa malaria, pengine. Kwa saratani hesabu ni nyingine. Bima hulipa mashine na dawa, tena kwa kikomo. Hailipi basi, hailipi wiki tano za kulala mjini, wala haimwelezi bibi wa Kimasai alichosema daktari kwa Kiswahili cha kitabuni.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanakutana kwa mgonjwa yule yule. Kile kinachoitwa huduma za msaada ndicho kinachoamua kama tiba itamalizika au itaachwa njiani, na ndicho cha kwanza kukosekana kwa mtu aliye mbali, asiyejua lugha ya hospitali, mwenye ulemavu, au mwenye imani ambayo hakuna aliyeiulizia.

Tuelewane kwanza

Saratani hutokea pale seli za mwili zinapoacha utaratibu wake wa kuzaliana na kufa kwa zamu, zikaongezeka ovyo na mwishowe kuvamia sehemu nyingine. Njia kubwa za kupambana nayo ni upasuaji, mionzi na dawa, ambazo wengi huziita kemo ingawa siku hizi zipo dawa za aina nyingine pia. Hizo zinaushughulikia uvimbe.

Huduma za msaada zinamshughulikia mwenye uvimbe. Ni kutuliza maumivu na kichefuchefu, kutunza kidonda kisitoe harufu, ushauri nasaha, lishe, nauli, mahali pa kulala, mtu wa kukaa naye na kumfafanulia yale makaratasi, kikundi cha waliopitia njia hiyo, titi la bandia kwa aliyeondolewa titi, mfuko wa kukusanyia choo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo. Ni pamoja na kumwangalia anayeuguza, ambaye mara nyingi ni binti aliyeacha biashara yake sokoni na hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Tiba shufaa ni tawi la kitabibu ndani ya huduma hizo. Shirika la Afya Duniani linaieleza kuwa ni njia ya kuboresha maisha ya mgonjwa na familia yake wanapokabili ugonjwa unaotishia uhai, kwa kuzuia na kupunguza mateso ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho. Familia imo. Na hakuna mahali maelezo hayo yanaposema isubiriwe mpaka tiba nyingine ishindwe. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma hii katika mfumo wa kawaida wa afya, kuanzia ngazi ya chini, nyumbani kwa mgonjwa.

Paa likivuja usiku, fundi hupanda juu kubandika bati. Waliomo ndani hawakai kusubiri fundi ashindwe ndipo wasogeze godoro na kutega ndoo. Wanafanya yote kwa wakati mmoja, na fundi hakasiriki kuona ndoo. Mtaalamu wa tiba shufaa ndiye anayesogeza godoro.

Kuna utafiti unaotajwa sana kwenye jambo hili. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipata tiba ya kawaida. Nusu walipata tiba hiyo hiyo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa mapema walikuwa na unafuu zaidi na huzuni kidogo, na waliishi kwa wastani miezi 11.6, wenzao 8.9. Tafiti za baadaye hazikupata nyongeza ya miezi kila mara, kwa hiyo asije mtu akakuuzia tiba shufaa kama dawa ya kurefusha maisha. Kilichojirudia ni maisha yenye nafuu. Kwamba inaharakisha kifo, hilo halikuonekana.

Mofini, na hofu yake

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, na naomba tukae kidogo.

Maumivu ya saratani iliyokomaa si ya panadol. Uvimbe unaweza kubana mshipa wa fahamu, kula mfupa, kuziba utumbo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwaelekeza madaktari tangu mwaka 1986 jinsi ya kupanda hatua kwa hatua, kutoka dawa nyepesi hadi mofini, na mofini imo katika orodha ya dawa muhimu za shirika hilo. Ni dawa ya zamani, haina hakimiliki ya mtu, na ya unga ikichanganywa na maji kwa kipimo bei yake ni ndogo. Hata hivyo, kwa hesabu za shirika hilo hilo, watu milioni 56.8 duniani huhitaji tiba shufaa kila mwaka na karibu asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Wengi wa wanaoikosa wako kwenye nchi kama zetu.

Kwa nini dawa rahisi ikosekane? Sababu moja ni kwamba mofini ni jamaa wa heroini, na sheria za dawa za kulevya ziliandikwa kwa ajili ya kumkamata muuzaji, mara nyingi bila kumfikiria mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyeko Namtumbo. Dawa inafungiwa kabati la kufuli mbili, inahitaji daktari wa kuandika, na daktari yuko mjini.

Uganda walilitazama tatizo hili moja kwa moja. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool ambaye alikuwa amefanya kazi Singapore na kisha Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na sharti lake la kufanya kazi nchini lilikuwa serikali iruhusu unga wa mofini uingizwe. Ukachanganywa na maji, ukawekwa kwenye chupa, na rangi ikatumika kutofautisha dawa yenye nguvu ndogo na yenye nguvu kubwa, jambo dogo ambalo kwa mgonjwa asiyesoma ni kubwa sana. Lakini chupa peke yake isingefika mbali. Hatua iliyobadilisha mambo ilikuja mwaka 2004, pale kanuni ziliporuhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wao wenyewe. Muuguzi ndiye aliye karibu. Ndiye anayepanda bodaboda hadi mgombani. Nchi isiyo tajiri ikawa mfano unaotajwa Afrika nzima kwa kubadilisha swali la nani anaruhusiwa kushika kalamu.

Tanzania nayo mofini ya maji ipo, na Taasisi ya Saratani Ocean Road huitengeneza. Hospitali za kanisa kama Selian ya Arusha zimekuwa na timu za kuwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba vituo hivi ni kama visiwa, kimoja kiko mbali na kingine.

Sasa hofu. "Atakuwa teja." Mgonjwa anayetumia mofini kwa maumivu halisi, kwa kipimo kilichoandikwa, mwili wake unaweza kuizoea, ndiyo maana haikatwi ghafla bali hupunguzwa taratibu. Kuzoea huko ni kitu tofauti na uteja, ambao ni kuitafuta dawa kwa nguvu hata inapokuharibia maisha. Kwa wagonjwa hawa uteja hutokea kwa nadra. "Itamuua." Kipimo huanza kidogo na kupanda kadiri maumivu yanavyodai, ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Siku za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia, na mara nyingi ni usingizi wa mtu ambaye hajalala kwa wiki mbili. Akizidi kulala kiasi cha kutoamshika, au pumzi ikawa ya kusuasua, apigiwe mara moja aliyemwandikia. Adha inayosumbua wengi zaidi ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe pamoja na mofini. Familia nyingi huacha mofini kwa sababu ya choo, na hazisemi.

"Wakimpa mofini ndiyo mwisho." Mtu anaweza kuitumia kipindi cha mionzi, akapata nafuu, akaiacha. Nafikiri hofu hii imejengwa na sisi wenyewe: kwa kuwa tunaitoa siku za mwisho tu, kila anayepewa anakufa, na jirani anahesabu.

Safari ya wiki tano

Mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki tano, na baadaye mionzi inayowekwa ndani ya mwili. Kila kipindi ni dakika chache. Kwa anayeishi Magomeni ni usumbufu wa daladala. Kwa anayetoka Kigoma, reli ya kati ni zaidi ya kilometa 1,200 kabla hajafika, kisha anatakiwa aishi Dar es Salaam zaidi ya mwezi mzima kwa ajili ya hizo dakika chache.

Kwa miaka mingi Ocean Road, iliyofanywa taasisi kwa sheria ya mwaka 1996, ilikuwa mahali pekee pa kupata mionzi nchini. Hospitali ya Bugando ya Mwanza imeongezeka. Kenya, Hospitali ya Kenyatta ilibeba umma wote kwa miongo kadhaa kabla ya vituo vya Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Uganda ilikuwa na mashine moja, ikaharibika mwaka 2016, na nchi nzima ikabaki inatazamana. Kusogeza mashine kunasaidia, lakini mashine haitafika kila wilaya na haipaswi. Inahitaji wataalamu, umeme usioyumba na matengenezo. Kinachoweza kufika kila wilaya ni nauli na kitanda.

Kwa watoto hili limeonekana waziwazi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, wakati katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Moja ya sababu kubwa ni familia kukatisha tiba. Mtoto anapata nafuu baada ya dozi mbili, uvimbe wa taya umenywea, baba anaona msimu wa kupanda unapita, wanaondoka. Anayewaita wazembe hajawahi kuhesabu gharama ya kukaa mjini na watoto wengine wanne nyumbani. Wodi ya watoto ya Muhimbili, kwa kushirikiana na taasisi ya Tumaini la Maisha, imejifunza kuchukulia malazi, chakula na nauli kama sehemu ya tiba. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kituo kilichofunguliwa mwaka 2012 kijijini kabisa, nacho kilianza na fikra hiyo: anayeshindwa kurudi kwa sababu ya nauli anapewa nauli. Ukiyatazama kama takrima utayapunguza bajeti ikibana. Ukiyatazama kama dozi, hutayagusa.

Lugha ya nani?

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna upofu wetu. Tunalalamika, kwa haki, kwamba maelezo ya hospitali yameandikwa Kiingereza. Kisha tukiyatafsiri kwa Kiswahili tunapiga makofi tukidhani tumemaliza. Bibi wa Ngorongoro anayejua Kimaa, mzee wa Kisukuma wa Meatu, mama wa Kisomali wa Garissa, mkimbizi wa Kirundi aliyeko Nyarugusu, kiziwi wa Temeke anayetumia lugha ya alama: kwa hawa Kiswahili cha daktari ni ukuta mwingine.

Kinachotokea ni kwamba mjukuu anaitwa atafsiri. Fikiria mwanamke wa miaka 55 mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Daktari anatakiwa kumuuliza kama anatokwa damu baada ya tendo la ndoa. Mkalimani ni mwanawe wa kiume wa darasa la saba. Swali halitaulizwa, au litaulizwa na kutafsiriwa kuwa "tumbo linauma?", na jibu litakuwa "kidogo". Baadaye daktari anatoa majibu mabaya, na mtoto yule yule ndiye anayetakiwa kutamka kwa mama yake. Wengi hawatamki. Wanasema "amesema utapona", na unawalaumu vipi?

Marekani, ambako Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili wamepewa makazi mapya, sheria inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kumpa mgonjwa mkalimani aliyefuzu bila malipo, na zisimtumie mtoto isipokuwa kwa dharura. Ndugu mnaosoma mkiwa huko, idaini haki hiyo. Wengi hawaijui na bado wanawatoa watoto shuleni kwenda kuwatafsiria. Kwetu si lazima tusubiri sheria. Hospitali ya rufaa ya mkoa inajua ni lugha gani tatu zinaingia mlangoni kwake kila siku, na ina wahudumu wanaozizungumza. Kinachokosekana ni orodha ya majina na namba zao ukutani, mafunzo ya usiri, na posho kidogo.

Mganga wa kienyeji anafaulu wapi

Wataalamu wa afya hupenda kuwalaumu waganga na "maji ya baraka" kwa kuchelewesha wagonjwa. Wana haki, saratani nyingi kwetu hufika hospitali zikiwa zimekomaa. Lakini hebu mpime mganga kwa vigezo vya kufikika. Yupo karibu. Anaongea lugha yako. Hakuharakishi. Anakuuliza habari za nyumbani. Anapokea malipo kidogo kidogo, na kuku pia. Ndugu wote wanaruhusiwa kukaa chumbani. Anashindwa kwenye kitu kimoja tu, nacho ni uvimbe. Hospitali inaujua uvimbe na inashindwa kwenye karibu vyote vilivyobaki.

Ndipo dhana potofu hupata nafasi ya kuota. "Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Kuchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe ndiko kunakomwambia daktari ni saratani ya aina gani, na bila hicho tiba ni kubahatisha. Watu husema imesambazwa na kisu kwa sababu walimwona jirani akapasuliwa Machi na kufa Juni, bila kujua kwamba Machi ilikuwa tayari imefika kwenye ini. "Saratani inaambukiza, asitumie kikombe chetu." Haiambukizi kwa kikombe wala kwa kulala naye chumba kimoja. Kinachoambukiza ni baadhi ya virusi vinavyoweza kuileta, kama HPV ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana huchanjwa dhidi yake, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Huyo mama unayemtengea kikombe hawezi kukupa saratani yake.

Imani nayo ina mahitaji yake ambayo hayapatikani kwenye fomu. Mgonjwa Mwislamu Ramadhani inapoingia anataka kufunga, na Qur'ani imemruhusu mgonjwa kutofunga, lakini wengi hawataki ruhusa, wanataka funga. Asipoulizwa, ataacha mofini ya kila saa nne mchana kutwa na kuteseka kimya. Akiulizwa wiki mbili kabla, pengine daktari anaweza kumwekea vidonge vinavyofanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili, kimoja wakati wa daku, kingine futari, au imamu wake akaketi naye. Mazungumzo ya dakika kumi. Vivyo hivyo kwa anayesubiri maombi ya Jumapili kabla ya kukubali upasuaji: mchungaji aliyeshirikishwa mapema atamwambia nenda.

Wale wasiohesabiwa

Wenye ualbino wanastahili aya yao. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Ngozi isiyo na kinga ya rangi, jua la Shinyanga, na kazi ya jembe: saratani ya ngozi inawapata wakiwa vijana, na madoa ya mwanzo huonekana mapema zaidi. Kwao huduma ya msaada ni kofia pana, shati la mikono mirefu na losheni, vitu vinavyopaswa kuja miaka kabla ya uvimbe. Losheni ya Kilisun ilianza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ikiwa imelengwa kwa ngozi yao. Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hugawa losheni bure. Lakini ukiigawa hospitali ya rufaa tu, umemwambia kijana atembee juani kilometa 30 kufuata kinga ya jua. Ipelekwe zahanati, kama chanjo.

Wako pia wagonjwa wa saratani ya koo. Ukanda wa Afrika Mashariki, kutoka Bonde la Ufa kushuka, una saratani nyingi ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na chai ya moto sana ni moja ya vinavyoshukiwa. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Wengi hufika hospitali wakiwa hawamezi hata mate. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imejulikana kwa kuwawekea kibomba cha wavu kinachopanua njia, mtu akaweza kunywa uji na kula na wajukuu zake. Hakiponyi. Niambie kama unaweza kukiita anasa.

Wanaume wenye saratani ya tezi dume hawaji kwenye vikundi. Vikundi vingi hukutana hospitali, katikati ya wiki, asubuhi, na mada ni matiti. Mtu ambaye anavuja mkojo na ndoa yake imetikisika hataongelea hilo kwenye viti vya duara mbele ya wanawake ishirini. Kuna njia nyepesi: mzee mmoja aliyetibiwa, simu yake ikapewa wapya wanaoitaka.

La kushangaza ni kwamba tayari tunajua kufanya yote haya. Ukimwi ulitufundisha. Dawa zilisogezwa hadi kituo cha afya, watu wanaoishi na VVU wakawa washauri wa wenzao, wahudumu wa jamii wakapita nyumba kwa nyumba, anayekosa kliniki akafuatwa. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi, na yupo kwenye kliniki hiyo tayari, kwa tarehe inayojulikana, akihudumiwa na mtu anayemjua jina. Akikutwa na saratani anatolewa kwenye mfumo unaomfuatilia na kukabidhiwa karatasi ya rufaa.

Uanzie wapi

Kama una mgonjwa, uliza habari za tiba shufaa siku anapopewa majibu, usisubiri uandikiwe. Uliza jina la muuguzi wake na namba ya simu inayopokelewa usiku. Mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujauza ng'ombe, kwa sababu yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa malipo na ndiye anayejua hosteli za wagonjwa na wafadhili wa nauli. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, itakuokolea safari. Kama mgonjwa hakielewi vizuri Kiswahili, sema mapema, na umchague mkalimani mtu mzima wa jinsi yake ambaye atakaa naye bila kuona haya. Akiondoka na mofini, ondoka pia na dawa ya kulainisha choo, na uandikiwe ni kituo kipi karibu na nyumbani kinachoweza kumwongezea dozi chupa ikiisha. Hili la mwisho ulizie kabla hujapanda basi, maana mara nyingi jibu la kwanza litakuwa "mrudi hapa hapa", na itabidi ubishane kidogo.